Chupa Namba Kumi na Saba

Kwenye simu ya kaka yangu, ile iliyopasuka kona,
naburuta elektrodi kwa kidole
naichovya katika bika ambayo haijaoshwa na mtu.
Maji ni ya samawati. Maji ya nani ni ya samawati?
Namba inacheza kidogo, kwa adabu, kisha inatulia.
Nukta inakaa juu ya mstari
kama shanga iliyotungwa na mtu asiye na haraka.
Nikikosea, kuna kitufe: Anza Upya.
Bika hujaa, aibu hufutika,
bando la shilingi hamsini linapungua kimyakimya.

Hapa Kampi ya Moto mtandao hushika nyuma ya zizi,
kwa hiyo kemia nimeisoma nikinuka mbuzi.
Wiki tatu za maabara ya kuigiza,
ndipo Daktari Wasilwa akasema: sasa mtagusa ya kweli, kwa mbali.
Elektrodi ni moja, iko Njoro. Ninyi ni mia na arobaini.
Kila mtu ana dakika kumi na mbili.
Leteni maji ya kwenu.
Yatieni katika plastiki, si glasi.
Floraidi hula glasi.

Nilipolisikia hilo nikaufunga mdomo.
Nina mazoea ya kuufunga.
Katika picha ya kitambulisho nimebana midomo
kama mwenye siri,
na siri yenyewe nusu ya kijiji wanayo:
meno ya kahawia, yenye michirizi.
Shule ya bweni, wasichana wa Kakamega waliyaita meno ya chai.
Nikayasugua kwa majivu, kwa chumvi, kwa ndimu,
ufizi ukatoka damu, michirizi ikabaki.

Chupa yangu ilipanda bodaboda pamoja na mitungi ya maziwa.
Jumanne, saa nne na dakika ishirini.
Kamera inaonyesha meza, nyufa za meza,
mkono wa Bi Nyaguthii, glavu imetoboka kidole gumba.
Anainua namba kumi na saba.
Naujua mwandiko wa mama kwenye kibandiko:
*Maji ya kisima, ya Chelagat, ya masomo.*
Anatia bafa. Anachovya.

Namba ya kweli haina adabu.
Inapanda, inashuka, inasita kama mbuzi mlangoni.
Mtandao unakatika,
tone limening'inia hewani
nusu dakika, 
dakika.
Unaporudi, tone limeshaanguka bila mimi.
"Usiiharakishe," Bi Nyaguthii anasema, hajui anasema na nani,
"hii haitulii kwa kuombwa."

Natafuta logi, napiga hesabu nyuma ya risiti ya agroveti.
Nukta yangu iko chini kabisa, kulia, karibu itoke kwenye grafu.
Sita nukta nane.
Kinachoruhusiwa ni moja na nusu.
Narudia hesabu. Natafuta kile kitufe.
Hakipo.

Ulimi unapita juu ya meno, moja baada ya jingine.
Kumbe ripoti ilikwisha kuandikwa,
nami nilikuwa nikiificha kwa kiganja kila nilipocheka.

Uani, Kigen wa kaka yangu, miaka minne,
anakunywa kwa kikombe cha bati, maji yanamtiririka kidevuni.
Ananichekea. Meno meupe pe.
Lakini hayo ni ya maziwa, ya kuazima.
Yake yamo ndani ya ufizi bado,
na yanakunywa.

Mama anapangusa mikono kwa leso,
anaishika risiti kichwa chini miguu juu.
"Umepita?"
"Nimepita, mama. Maji ndiyo yameanguka."
Anaugeukia mtungi, anautazama
kama mgeni aliyekaa miaka ishirini bila kutaja jina lake.
"Haya. Na hii jioni tupikie yapi?"

Dakika zangu kumi na mbili zilikuwa zimekwisha.
Kwenye kioo, mkono ule ule
unainua namba kumi na nane.